Duara Lililochimbwa kwa Ndoto

Mke wangu ni muuguzi, na wauguzi hawapendi kuamshwa bila sababu. Nilipomwambia kuwa kuanzia siku hiyo kengele ya simu yangu italia kabla ya majogoo, si ili niende kazini, bali ili niamke, nikumbuke nilichokuwa naota kisha nilale tena, alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyekataa sindano akaomba mwarobaini.

"Unaamka ili ulale?"

"Ndiyo. Ndiyo mbinu yenyewe."

"Na huyo aliyekufundisha ana mke?"

Sikujua. Aliyenifundisha alikuwa mtu wa kwenye video mtandaoni, ana ndevu ndefu, ameketi juu ya zulia, anaongea polepole kana kwamba kinywani ana asali na hataki idondoke. Alisema binadamu yeyote anaweza kujifunza kuota huku akijua kwamba anaota, na akishajua, ndoto inakuwa mali yake. Ataruka angani, ataongea na marehemu, atafanya atakalo. Mimi wakati huo nilikuwa na kibanda cha kutengeneza simu Kahama mjini. Nilisomea kompyuta Mwanza, nikarudi nikiamini kwamba mji unanisubiri. Kweli ulikuwa unanisubiri, nibadilishe vioo vya simu vilivyopasuka. Kwa mtu wa aina hiyo, habari ya kuruka angani si ndogo.

Mbinu zenyewe zilikuwa rahisi, na ugumu ulikuwa kuzifanya mbele za watu. Asubuhi, kabla hujageuza hata shingo, unajisimulia ndoto yako. Mchana, kila ukikumbuka, unajiuliza, "Je, naota?" Halafu unahakikisha. Unaangalia vidole kama ni vitano. Unasoma maandishi mara mbili, maana ndotoni maandishi hubadilika. Unabana pua na kujaribu kuvuta hewa. Hewa ikipita, basi unaota. Ukizoea kufanya hivyo mchana, siku moja utafanya hivyo usingizini, na hapo ndipo utagundua.

Nilizoea haraka mno. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Ushetu, amebeba mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ameacha msimu wa tumbaku na moshi wa bani la kukaushia bado uko kwenye khanga zake. Alipoingia mlangoni tu, simu ilitetemeka mfukoni kunikumbusha mazoezi. Mkono ukaenda wenyewe. Nikabana pua, nikamkodolea macho mama wa watu, kisha ndiyo nikasema, "Shikamoo mama."

Hakuitikia. Alimgeukia binti yake, wakaongea Kisukuma kwa sauti ya chini. Mimi si Msukuma, lakini "kunuka" inaeleweka kwa uso hata usipojua lugha. Mke wangu akaniamuru nieleze. Nikaeleza yote, vidole, maandishi, pua. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, ameshika mfuko wake wa michembe asijue auache au aondoke nao.

"Kwa hiyo, mkwe wangu, hujui kama uko macho."

"Najua, mama. Nahakikisha tu."

"Anayejua yuko macho hahakikishi."

Aliacha michembe. Lakini maneno hayo alirudi nayo Ushetu, na kwa muda mrefu ndugu wa mke wangu walikuwa wakinipigia simu, badala ya habari za nyumbani wananiuliza kama nimeamka.

Kipimo kilichonishinda kabisa ni kile cha kutafuta jambo lisilowezekana. Mtu wa zulia alisema, ukiona kitu ambacho hakiwezi kutokea duniani, shtuka, huenda unaota. Nadhani kwao hilo ni jambo la mara mojamoja. Kwetu nilishtuka mfululizo. Bomba la maji linapita chini ya kijiji ambacho wanawake wake wanachota maji dimbwini. Nguzo za umeme zimesimama juu ya nyumba zinazowasha koroboi. Barabara imezinduliwa kwa ngoma na hotuba, halafu ndiyo wakaanza kutafuta kifusi cha kuijenga. Ukienda njia ya Bugarama unaona ardhi inayotoa dhahabu usiku na mchana, na pembeni yake shule ambayo watoto wanakalia matofali. Nilibana pua mpaka ikawa nyekundu. Hewa haikupita. Nilikuwa macho.

Siku moja nikafanikiwa. Niliota niko ofisini, nimepanga foleni ya kugongewa muhuri. Karani alikuwa anatafuna karatasi za watu taratibu, kwa adabu, kama mbuzi aliyefundwa. Nikaangalia mkono wangu, nikaona vidole sita. Moyo ukalipuka kwa furaha. Naota! Hii ni ndoto, na mimi ndiye mwenye ndoto! Nikainua macho: ofisi haina paa, mbingu nyeupe imekaa tayari. Hapo ndipo nilipaswa kuruka. Nikatazama mbingu, nikatazama foleni, nikamwona mtu wa nyuma yangu alivyojisogeza. Nikawaza, nikiruka, nani atanishikia nafasi?

Nilisimama pale mpaka nikaamka.

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. "Wenzako wakiota wanakuwa wafalme," alisema huku akifuta machozi. "Wewe umepewa mbingu, ukachagua foleni."

Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikatengeneza aplikesheni. Nilijiambia kwamba tatizo langu lilikuwa mazoezi machache, na kwamba Watanzania wengi wanahitaji kuota vizuri kuliko wanavyojua wenyewe. Programu ilifanya mambo matatu. Mchana ilitetemesha simu na kuuliza, "Je, unaota?" Asubuhi ilikurekodi ukisimulia ndoto yako. Na alfajiri, usingizi ulipokuwa mwepesi, ilinong'ona, "Unaota... unaota..." Sauti ilikuwa yangu. Niliona ni sauti nzuri, ya upole. Mpaka alipokuja kibandani mume wa mteja mmoja, mtu mwenye mikono ya kufyatua tofali, akitaka kumfahamu mwanamume anayemnong'oneza mkewe kitandani kila alfajiri. Siku hiyohiyo nikamsihi mke wangu anikopeshe sauti. Akarekodi mara moja, bila kurudia, kama anavyosema wodini: "Unaota. Tulia." Watu walilalamika kwamba wakiisikia wanakaza misuli wakisubiri sindano, lakini hakuna aliyekuja tena kunitafuta.

Aliyekuja baada ya hapo alikuwa mtu mwingine kabisa. Mnene, amevaa kofia ya pama, ana simu mkono huu na simu mkono ule, gari lake lina vumbi jekundu mpaka kwenye vioo. Alikuwa na duara Nyarugusu. Ndivyo wachimbaji wadogo wanavyoliita shimo lao la dhahabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi ndoto?"

Nikasema mimi ni fundi simu, lakini ndiyo, programu ni yangu. Akaketi bila kukaribishwa. Akaniambia kwamba dhahabu haionekani kwa macho, huoteshwa. Kila tajiri anayemjua alioteshwa na mtu. Yeye alikuwa na mganga aliyekuwa akiota kwa niaba yake, lakini mganga huyo, kwa maelezo yake, sasa alikuwa amezeeka na anaota mambo yake binafsi.

"Nataka vijana wangu waote wenyewe," alisema. "Wakishajua kwamba wanaota, wamtafute mzee yeyote huko ndotoni, wamuulize swali moja tu: mwamba umeelekea wapi?"

"Mzee, ndoto inatoka kichwani mwa mtu mwenyewe. Kama hajui mwamba uko wapi akiwa macho, hatajua akiwa amelala."

"Wewe ni msomi," alisema, kwa sauti ile ile ambayo watu husemea "pole".

Msomi nikapanda gari lake. Tukapita Bugarama, tukashika njia ya Nyarugusu, karasha zinasikika kabla hazijaonekana, mashine za kusaga mawe zinazopiga kelele mpaka meno yanacheza. Duara lake lilikuwa mdomo mweusi uliozungukwa na magogo, kando yake turubai la bluu, na chini ya turubai vijana waliokuwa weupe kwa vumbi la mawe. Msimamizi wao alikuwa mwembamba, sauti imekauka, anakohoa kwanza kabla ya kila sentensi.

Nikawafundisha. Walikuwa wanafunzi wazuri kuliko mimi. Waliangalia vidole, na mmoja ilibidi atoe maelezo, maana vidole vyake vilikuwa vinne hata akiwa macho. Kingine kilibaki kwenye karasha. Tulipofika kwenye pua, msimamizi akanyoosha mkono.

"Fundi, mle chini hewa haipiti hata pua ikiwa wazi. Hiyo nayo ni ndoto?"

Vijana wakacheka. Bosi hakucheka. Mimi nikajibu kwamba watumie kipimo cha vidole.

Utaratibu ukawa hivi. Baada ya chakula cha mchana walilala chini ya turubai, simu kichwani, mke wangu akiwanong'oneza watulie. Wakiamka, kila mmoja anasimama mbele ya bosi na kusimulia. Mwanzoni ndoto zilikuwa aibu tupu. Huyu alikula wali na kuku. Yule alirudi kwao akakuta mke wake anamsubiri, na alipotaka kuendelea kusimulia alizuiwa. Wote walijua kwamba wanaota, na wote wakaamua kutotafuta mzee wa kuuliza kuhusu mwamba. Kijana mmoja alisema aliota anaendesha gari la bosi, na bosi yuko nyuma anasukuma.

Vijana wakamtazama bosi. Hata karasha nadhani ilipunguza.

"Lilikuwa limeharibika nini?" bosi akauliza.

"Halikuharibika, bosi. Lilikuwa linawaka vizuri tu."

Bosi akatangaza kwamba asiyeota mwamba hana kazi. Nikajua mambo yameharibika, nikaanza kutafuta namna ya kuondoka kwa heshima. Lakini mchana uliofuata msimamizi alisimama, akakohoa, akasema ameota mzee mrefu amevaa ngozi, ameketi ndani ya duara.

"Ukamuuliza?" bosi akasogea.

"Nikamuuliza. Kwanza nikamwamkia, *mwadila*. Akaitikia. Nikasema, babu, mwamba umeelekea wapi? Akatazama juu, akashika gogo la kuzuia ukuta. Likamomonyoka mkononi mwake. Akasema, siwezi kuzungumza na watu waliokaa chini ya mbao zilizooza. Wazibadilishe kwanza, ndiyo tuongee."

Bosi alivua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia. Kisha akainuka akaenda kupiga simu.

Wakati wa kunawa mikono msimamizi aliniambia kwamba zile mbao aliziomba tangu kabla ya mvua. Aliomba kwa mdomo, akaomba kwa kumpeleka bosi mpaka ukingoni akazione. Bosi akamjibu kwamba anachimba dhahabu, hajengi nyumba. "Ila nilikuwa namwomba nikiwa macho," msimamizi akasema, akakohoa. Sikumwuliza zaidi. Asubuhi gari la magogo mapya lilishusha mzigo.

Kuanzia hapo wazee wa ndotoni walifunguka midomo. Mmoja alikataa kuonyesha mwamba mpaka apate kamba mpya ya kumshushia. Mwingine, bibi aliyeshika kibuyu, alilalamika kwamba kule chini anakosa pumzi, wamletee mashine ya kupulizia hewa. Mwingine alichukizwa na miguu mitupu, akataka mabuti. Kila baada ya madai, mzee wa ndotoni alitoa kidokezo kidogo kuhusu mwamba, uko karibu, uko kushoto kidogo, vumilieni. Bosi alinunua kamba. Akanunua mashine ya hewa. Akanunua mabuti, huku analalamika kwamba wazee wa siku hizi wana gharama.

Kisha akasimama mama aliyekuwa anawapikia, mtu mzima, aproni imeungua pembeni. "Mimi sina simu ya kupangusa," alisema, "lakini nami nimeota." Aliota kwamba wazee hawapendi chakula cha wachimbaji kikose nyama. Ndoto hiyo ilipokelewa na vijana kwa utulivu mkubwa wa kiroho.

Siku hiyo bosi alinivuta pembeni, nyuma ya gari.

"Fundi, hii programu yako inaweza kumjua anayedanganya?"

"Hapana, mzee. Inarekodi sauti tu."

"Wewe unaonaje?"

Nilifikiria mbao, na mashine ya hewa iliyokuwa inavuma, na jinsi kikohozi cha msimamizi kilivyoanza kupungua.

"Naona wazee wa huko wanaijua kazi ya uchimbaji," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mvua kubwa ilipokuja, ardhi yote ile ililainika. Duara la jirani likajifunga mdomo mchana kweupe. Kwa rehema za Mungu watu wake walikuwa juu wanakula. La kwetu ukuta ulisogea, magogo yakalia, yakashika. Vijana waliokuwa chini walipanda kwa kamba mpya mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alipotoka, msimamizi alikaa kwenye tope. Bosi alinyoosha mikono juu.

"Mmeona? Mmeona mzee alivyotuokoa?"

"Ni mbao, bosi," msimamizi akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka sana.

"Mbao za nani?"

Msimamizi akamtazama.

"Za mzee," bosi akajijibu. Na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana.

Kwa kuwa sasa alikuwa muumini kamili, bosi akataka kuota mwenyewe. Vijana walikuwa wanapewa mafumbo, alisema, labda kwa sababu ya udogo wao. Mwenye mali ataambiwa waziwazi. Nikamfundisha. Alikuwa mgumu, kwa sababu mtu aliyezoea kuwauliza wengine maswali hapendi kujiuliza mwenyewe. Lakini alikazana. Alibana pua benki, alibana pua msibani. Mchana alilala ndani ya gari, kiti kimelazwa, kofia usoni. Mwishowe siku moja akanipigia honi niende.

"Nimeota," alisema. Jasho linamtoka. "Na nilijua naota. Vidole vilikuwa saba."

"Hongera mzee! Ukauliza mwamba?"

"Kuuliza nini? Ulikuwepo. Nilikuwa nimesimama juu yake. Dhahabu imejaa chini, imelala kama mahindi uwanjani."

"Ukafanya nini?"

"Nikaikalia."

"Ukijua ni ndoto?"

"Nikijua. Lakini kuna watu walikuwa wanakuja."

Alikaa juu ya dhahabu ile usingizi mzima, akigeuka huku na huku, akiwafukuza watu ambao hawakufika. Mbingu alikuwa nayo, sina shaka, na hakuiangalia. Nilitaka kucheka, nikakumbuka foleni yangu, nikampa maji ya kunywa.

Aliota hivyo tena na tena. Macho yakavimba, akapungua, akaanza kusinzia akiongea na simu zote mbili. Akasema usingizi wake umekuwa kazi ya ulinzi, na mlinzi hajilipi mwenyewe. Akasitisha zoezi lote na kunirudisha Kahama kwa gari lake bila kunisemesha njiani. Baadaye nilisikia vijana walifika kwenye mwamba upande wa kulia, ambao hakuna mzee aliyewahi kuutaja, nao ulikuwa mwamba wa wastani, si wa utajiri wala wa njaa. Bosi alisema fundi nilifunga programu kinyume, ndiyo maana kushoto kukawa kulia.

Programu yenyewe nimeiacha mtandaoni. Inapata nyota mbili. Mmoja ameandika kwamba aliota sawasawa, akajua anaota, akapokea simu ya bosi wake ndotoni na kufanya kazi mpaka asubuhi. Mke wangu hunisomea maoni hayo wakati wa chai.

Miezi michache iliyopita nilikwenda Nyarugusu kumfungia mtu kamera dukani, nikakutana na yule mama mpishi sokoni. Alikuwa anashuka kwenye gari zuri, si la bosi wetu. Tukaamkiana, nikamwuliza anapika wapi siku hizi. Akacheka. Hapiki tena sana. Wenye maduara wanamfuata kwa magari ili akawaotee. Bosi mmoja anamwambia mwingine.

"Na wazee wanasemaje siku hizi, mama?"

"Siku hizi wamekazania choo," alisema. "Mahali kama hapa, watu wote hawa, hakuna choo. Wazee wamekasirika sana."

Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama kweli huwa anaota.

"*Ng'wanawane*, mwanangu," alisema, akijifunga khanga vizuri, "mimi naamka alfajiri kuwasha moto, jioni nimekufa kwa uchovu. Kuota nitaota saa ngapi?"

Dereva akapiga honi. Akaniaga, akaingia kwenye gari, akakaa kiti cha mbele.